Tai ya Msumari wa Kumi na Mbili

Koti lilikuwa limepasuka mgongoni, kuanzia kola hadi chini, mpasuko ulionyooka kama wa mkasi. Mgeni aliyelileta mnadani Iguguno alisema lilinasa kwenye msumari. Ignas si mtoto wa juzi. Alikuwa akiuza mitumba tangu serikali iliporuhusu, na hakuwahi kuona msumari unaochana nguo namna ile. Lakini hakuuliza, maana jicho lake lilikuwa limeangukia tai iliyochungulia mfukoni mwa koti.

Ilikuwa tai pana ya kizamani, ya kijani, yenye picha ya gari jeusi la miaka hiyo: taa kubwa za mbele, tairi la akiba ubavuni. Alichukua vyote viwili. Koti akampelekea fundi cherehani. Tai akaifua mara mbili, kwa sababu ilinuka unyevu na udongo mwekundu ulikuwa umejikusanya kwenye mishono.

Yote hayo ni kwa ajili ya Dina. Alimpenda hadi chakula hakishuki, na Dina naye alimtaka. Mwenye shingo ngumu alikuwa baba mtu, mzee Anselm, aliyekwisha kuirudisha posa mara mbili. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu anayenunua vya wizi vichochoroni. Ignas aliapa kwamba kila alichouza kilitoka kwenye belo, furushi la mitumba lililofungwa huko Ulaya. Mzee akamwambia asubiri mpaka baada ya mavuno, na kauli hiyo kila kijana anajua maana yake.

Sebuleni kwa mzee huyo ukuta ulikuwa na misumari kumi na miwili, na tai kumi na moja. Zote zilikuwa za zamani, zote za magari: Volkswagen yenye mgongo wa kobe, gari la wazi la mashindano, lori lenye pua ndefu. Alizikusanya Emilian, kaka yake Dina, fundi magari ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Alizitafuta mnadani moja moja, miaka mitatu, kisha akafariki kabla Ignas hajahamia Iguguno. Msumari wa kumi na mbili ulibaki mtupu. Ignas alikuwa mtu wa biashara. Palipo na upungufu, yeye aliona mlango.

Jumapili baada ya misa alifika amechana nywele, akatoa shikamoo zake, akakaribishwa chai. Alipoona mzee ametulia, alifungua kifurushi cha gazeti, akaitoa ile tai na kuitundika mwenyewe kwenye msumari mtupu. Akasema kwamba sasa tai za marehemu zimetimia.

Dina aliweka birika chini polepole. Mama yake, Febronia, aliinuka, akaitungua tai, akaigeuza nyuma na kupitisha kidole gumba kwenye mshono wa uzi wa njano. Machozi yakamtiririka. Ignas alifurahi moyoni; alijua mama akishalia, baba hana ujanja.

"Umeipata wapi, mwanangu?" mama aliuliza.

Ignas alimtazama mzee, aliyekuwa ametega sikio, kisha akamtazama Dina. Akimtaja yule mgeni wa mnadani, posa imekufa hapo hapo.

"Kwenye belo, mama. Nilifungua mwenyewe. Nimeitoa kwa mikono yangu hii, hakuna mwingine aliyeigusa."

Mzee Anselm aliinuka, akafunga mlango, akasimama mbele yake.

"Uzi huu ni wangu," Febronia alisema. "Nilimshonea Emilian asubuhi ya mazishi, nikamfunga tai hii shingoni, ndipo jeneza likafunikwa."

"Na lile koti," mzee akauliza, "nililolipasua mgongoni kwa mkasi ili limwingie, nalo lilikuwa kwenye belo?"