Upawa wa Mama Mkwe

Upawa wa tatu ulitua kwenye sahani yake kabla hajameza tonge la pili.

"Kula, mwanangu," alisema mama mkwe akiwa nyuma ya kiti chake. "Umekonda mpaka nguo ndiyo inakuvaa wewe. Fundi mzima!"

Meza nzima ilicheka. Fundi naye alicheka, maana alikuwa amechoka mno kufanya lolote jingine. Wiki tatu alikuwa ameinamia cherehani akishona nguo za sikukuu za watu wengine. Asubuhi hiyo ndiyo alipotia kifungo cha mwisho, akanawa uso, akaingia garini na mumewe kuja kula kwa wakwe. Miguu ilikuwa imemvimba. Shingo ilikataa kugeuka upande wa kulia.

Tena kulikuwa na suala la daktari. Miezi miwili nyuma alishindwa kutunga uzi kwenye sindano, akadhani ni miwani tu. Daktari alimpima damu, akamwambia sukari imepanda vibaya, na asipochunga anachokula, macho ndiyo yatakayotangulia kuharibika. Fundi wa nguo asiye na macho! Njia nzima ya kurudi nyumbani hakuwaza kingine.

"Si umwambie tu mama?" mumewe alimshauri.

"Nimwambie ili niwe Saladi wa pili?"

Saladi alikuwa mke wa shemeji yake mkubwa. Sikukuu moja alisogeza sahani pembeni, akaomba mboga za majani peke yake. Wifi yao alimbandika jina hilo palepale mezani, na hakuliacha lipoe. Mama mkwe alibeba tu ile sahani, akaenda nayo jikoni na hakurudi mpaka wageni walipoaga. Mwaka uliofuata Saladi alitoa udhuru. Siku hizi hata udhuru hatoi. Haji tu.

Kwa hiyo fundi alikuja amejipanga. Alikula bakuli la maharage nyumbani, njaa isije ikamuumbua. Mezani alianza na mboga, akatafuna taratibu. Alijaza maji kwenye glasi mpaka juu, soda ikose pa kuingilia. Alimuuliza baba mkwe habari za magoti yake, swali lililompatia dakika ishirini bila mtu kumwambia ale. Na kila mara alibakiza chakula kidogo pembeni mwa sahani, kwa sababu katika nyumba ile sahani ikiwa tupu, umeomba tena.

Ilikuwa kazi bure. Mama mkwe, ambaye hakuwa ameketi tangu wafike, alizunguka meza na sufuria mkononi. Kwa wengine alipita mara moja. Kwake alipita mara mbili, akimsifia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Huyu ndiye anayekijua chakula changu! Mtazameni!"

Wakamtazama.

"Mbona leo anadonoa kama kuku mgonjwa?" wifi aliuliza. "Au kuna habari njema mnatuficha?"

Macho yote yalishuka mpaka tumboni kwake, kisha yakahamia kwenye sahani.

"Hakuna habari, wifi. Nakula polepole tu."

"Basi mwongezeeni nyama!"

Nyama ikaongezwa. Fundi alikitazama kile kilima cha wali, viazi na mchuzi uliokuwa ukiganda pembeni. Kilichomchosha zaidi ni kutabasamu. Taya zilimuuma.

"Keki nimekukatia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote," mama mkwe alimwambia akimshika bega. "Kiko jikoni. Nakuja nacho."

Alipotoka tu, fundi alisukuma kiti, akasimama. Mumewe alimshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

"Leo? Sikukuu yote hii?"

"Leo hii. Waniite watakavyo."

Katika ujia aliyapanga maneno. Mama, chakula chako hakina kasoro. Mama, usinichukie. Mama, ni macho yangu. Alifika mlangoni bado hajaamua lipi lianze, akausukuma.

Kipande cha keki kilikuwa mezani, hakijaguswa. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye sinki, ameupa mlango mgongo, na mkononi ana kisufuria. Alikuwa anakula kabichi iliyochemshwa, nyeupe, bila mafuta, akiimeza harakaharaka kama mtu anayeiba.

Aligeuka, shavu limejaa. Wakatazamana.

"Funga mlango," alisema alipomaliza kumeza.

Fundi akaufunga.

"Mama, hicho ndicho chakula chako cha sikukuu?"

"Mwaka wa nne huu. Ni sukari. Kila nilichopika leo, daktari amenikataza." Alikiweka kisufuria chini, akajifuta mikono kwenye aproni. "Hawajui. Hata baba yenu hajui. Wakijua, nani tena atakuja kula kwangu?"

Sauti ya wifi iliwafikia kutoka mezani, ikiuliza fundi kakimbilia wapi na sahani bado imejaa. Watu wakaangua kicheko.

Mama mkwe alisubiri kicheko kiishe. Kisha akainamisha kichwa.

"Nisamehe, mwanangu," alinong'ona. "Nakujazia wewe ili wasinitazame mimi."