Picha ya Mchana

Picha iliingia kwenye simu mchana kama kawaida, na mshonaji akaachia cherehani. Mwanawe wa miaka mitatu, Kibonge, amekaa mbele ya sahani: yai, maharage, mchicha na kipande cha papai. Anatabasamu.

"Jamani, njooni muone mtoto anavyolishwa!" aliwaita wenzake.

Kituo cha kulelea watoto alikompeleka Kibonge kilisifika kwa hilo. Kila mzazi, kila mchana, picha yake.

Wifi yake tu ndiye hakushangilia. Huyo ndiye aliyemlea Kibonge kabla ya kituo, kwa viazi na maharage, hadi mtoto akapata jina hilo. Sasa jina lilibaki, unene ulikuwa umeshahama.

"Wifi, mtoto anakonda."

"Anarefuka huyo."

"Anarefuka au anayeyuka?"

Lo, mshonaji alipandwa na hasira! Wivu mtupu. Mtu kanyang'anywa mtoto, sasa anatafuta kasoro. Akaitwaa suruali ya Kibonge, akaipunguza kiuno kwa mara nyingine.

Kweli, mtoto alikuwa na kituko kimoja. Jioni ukimwekea chakula, alikaa wima, akaikalia mikono yake, akatabasamu. Hagusi kitu. Punde akashuka kitini mwenyewe.

"Si unaona? Kashiba huko," mshonaji alisema, akairudisha sahani jikoni. Wifi alipotaka kumlisha kwa mkono wake, alimfokea, "Usinidekezee mtoto! Kafundishwa adabu ya mezani."

Ndipo asubuhi moja Kibonge akasimama avae viatu, miguu ikamlegea, akaanguka chini. Mshonaji alimnyanyua, akashtuka. Mwepesi mno! Alimfikisha kituoni, lakini kazini moyo haukutulia. Kabla ya mchana aliomba ruhusa, akarudi mbio kumsihi mlezi amwongezee mwanawe chakula, hata kijiko kimoja.

Mlango wa chumba cha kulia ulikuwa wazi. Watoto walikuwa wamejipanga mstari ukutani, kimya kabisa. Mbele yao palikuwa na meza moja, kiti kimoja, sahani moja. Kibonge alikuwa kitini, ameikalia mikono, anatabasamu.

Mlezi alimpiga picha.

"Haya, shuka," alisema, macho kwenye simu. "Mwingine apande. Na ole wake atakayegusa hilo yai."