Picha ya Goti la Mukhisa

"Usipumue," Hiram alisema kutoka nyuma ya pazia zito jeusi.

Mukhisa akazuia pumzi. Alikuwa amelala chali juu ya meza baridi, suruali imekunjwa mpaka pajani, na chini ya goti lake la kulia kumewekwa bamba bapa kama sinia. Juu yake mashine ya eksirei ilinguruma, ikalia ta!, ikanyamaza.

"Pumua sasa, bwana. Tunapiga picha ya goti, mbona umefumba macho?"

"Nilidhani itaona na yale yaliyo rohoni."

"Hiyo hapana. Hii inaona mfupa peke yake."

Yale ya rohoni yalikuwa na miaka tisa. Mwaka wa 1943, mchana wa jua kali, Mukhisa alikuwa amelala kwenye kibanda cha mahindi nyumbani kwao Matulo. Alikuwa ameandikwa jeshini. Kesho yake lori lilikuwa linakuja kuwachukua vijana, na yeye alikuwa ameahidiwa kufundishwa udereva. Mama yake, Nanyama, mtu wa kanisa ambaye hakuruhusu pombe hata ipite uani kwake, siku hiyo alimletea busaa kibuyu kizima, ya kumuaga. Mukhisa alikunywa, akalala kama gogo.

Aliamshwa na maumivu ambayo mpaka leo hajui kuyasimulia. Alipofumbua macho aliona mgongo wa mtu anayekimbia katikati ya mtama, na mgongo ule aliujua. Ulikuwa wa Zachary, rafiki yake, aliyetahiriwa naye asubuhi moja, kwa kisu kimoja.

Lori lilimwacha Mukhisa, likamchukua Zachary. Vita vilipokwisha Zachary alirudi na koti la jeshi, na baiskeli, na alikuwa anajua kuendesha lori. Mukhisa alikuwa akichechemea nyuma ya ng'ombe. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwa nini goti lake lilivunjwa.

Sasa Zachary alikuwa anataka kufanywa liguru, mkuu wa kijiji. Hapo Mukhisa akaenda kumshtaki Bungoma. Wazee wa korti waliinama, wakatazama goti, wakaona ngozi nzima. Wakauliza, ushahidi wa jambo la miaka tisa utatoka wapi?

"Mwache, mwanangu," Nanyama alimsihi. "Mguu si unatembea?"

"Unatembea kama bata, Mayi."

Ndipo akapanda basi mpaka hospitali ya Kitale, goti lipigwe picha.

Hiram alitoka chumba cha giza ameshika filamu inayodondoka maji, akaitundika mbele ya kioo chenye taa.

"Hii ni pia ya goti, kile kifuniko cha mbele. Umeona huu mstari? Ilikatika katikati, ikaunga." Akasogeza kidole polepole. "Lakini ajabu. Mfupa wa paja, hakuna hata ufa. Wa muundi, hakuna. Huyu alipiga mara moja, mahali pamoja. Nimepiga picha watu wengi waliopigwa, ndugu yangu, na mwenye hasira hapigi hivi."

"Alikuwa na haraka ya kukimbia."

"Na nani alikufunga? Usingeunga hivi kama hungefungwa saa ile ile."

"Mama. Alinifikia na vipande vya mianzi na kitambaa kabla sijamaliza kupiga kelele."

"Basi una mama, wewe," Hiram alisema kwa heshima.

Siku ya korti watu walijaa mpaka mlangoni. Mzee Jotham, mkubwa wa korti, aliinua filamu dirishani. Wenzake wakanyoosha shingo. Mmoja akauliza ati huyu wa kwenye picha bado yuko hai? Watu wakacheka. Mukhisa hakucheka.

"Zachary, ulimpiga huyu?"

"Nilimpiga."

Minong'ono ikazunguka chumba kizima.

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu."

"Basi kwa nini?"

Zachary aliigeuzageuza kofia yake mikononi. "Hiyo sitasema, mzee. Nifungeni tu."

"Si mnasikia?" Mukhisa aliruka, akasahau goti. "Alitaka nafasi yangu! Na nilikuwa namwita ndugu!"

Mzee Jotham alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake. "Nyinyi ni watu wa tohara moja. Aliyeumizwa anaweza kukubali kondoo, mumle pamoja na wenzenu, yaishe leo. Ukikataa, ni jela na kazi ngumu, na uliguru atausahau. Neno ni lako, Mukhisa."

Mukhisa alimgeukia Zachary. Alikuwa amengoja miaka tisa, na dakika hii aliitaka yote. Alimtazama Zachary apate kuona uoga wake. Lakini Zachary hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama nyuma yake, upande wa wanawake, na alikuwa anatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayekataza.

"Jela," Mukhisa alisema. "Na iwe ile ya kuvunja mawe."

Mzee Jotham akachovya kalamu kwenye wino.

Upande wa wanawake, Nanyama alisimama, akakaza kitambaa chake cha kichwa.

"Ngojeni, wazee, msiandike jina moja tu. Lori lilikuwa linakuja kesho yake, na nilikuwa nimebaki na mtoto huyu mmoja. Zachary alishika rungu tu. Goti nilimwonyesha mimi."