Asumini za Mchana

Tangu mumewe amwache, Mwanashee alitunga vikuba vya wanawake wengine, asumini na rehani za kubandika kifuani, lakini yeye mwenyewe hakuvaa hata kimoja.

Alasiri hiyo Bakathiri, fundi saa wa mtaa wa pili, alisimama mbele ya baraza ya Mwanashee na kofia mkononi. Kofia ilijaa asumini.

"Nimezichuma mwenyewe," alisema.

Mwanashee alichungulia. "Saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Jamani, Bakathiri! Asumini huchumwa zikiwa zimefumba, zikachanua kifuani kwa mtu. Hizi zimeshachanua zote, magharibi haziioni. Nani atazinunua?"

"Sikuja kuuza. Nataka kikuba kimoja."

"Cha nani?"

"Chako. Ukikivaa, nitakwenda kuzungumza na kaka yako. Usipokitaka, nitakivaa mwenyewe nipite nacho sokoni, watu wanicheke."

Mwanashee alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mtandio. Kisha akachukua sindano. Uzi ulikataa kuingia tunduni, yeye aliyezoea kutunga huku akipiga soga. Maua yalikuwa laini mno, mengine yakikatika vidoleni, naye akayashika polepole kana kwamba yamelala na hataki kuyaamsha.

Kikuba kilipokwisha, kilikuwa kidogo, kimepinda upande mmoja. Mwanashee alikiweka kifuani akakishikilia kwa kiganja. Mkono wa pili ulikuwa na pini iliyo wazi. Upepo ukapita barazani, ukaichukua harufu na kuiingiza ndani ya nyumba, chumba baada ya chumba.