Mgongo wa Mama Flora

Mama Flora alipomwona Method sokoni Bariadi, aliziacha karanga alizokuwa akipimiwa, akajifunika kitenge usoni, akampa mgongo.

Method akabaki kasimama na begi lake. Ndani mlikuwa na nguo za Flora. Alizibeba kutoka Mwanza, siku arobaini baada ya mazishi ambayo hakuyahudhuria, maana ajali iliyomuua Flora ilimlaza yeye hospitali. Walikuwa wameishi pamoja miaka sita bila ndoa, yeye mtu wa Masasi, Flora wa huku, na Method hakuwahi kukanyaga kwao Flora. Sasa alitaka jambo moja tu: mama huyu amtambue kuwa mume wa binti yake.

"Twende, shemeji," alisema Bujiku, kaka yake Flora, aliyempokea stendi. "Mama atatukuta nyumbani."

Wakakatiza soko lile kongwe ambalo Flora hakuchoka kulisifia. Mchele wa Maswa, majembe, kamba za ng'ombe, na chini kule mto ukipita taratibu. Method aliyaona yote, hakuna lililomgusa. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Bujiku alipomwonyesha kibanda Flora alikokuwa akiuza vitumbua na mama yake, alijibu, "Sawa," basi.

Walikunywa chai, wakachelewa. Mama akawapita kwa bodaboda.

Njia ya Ngulyati, kijijini kwao Flora, ilikatiza mashamba ya pamba. Walipokaribia nyumbani, mama alikuwa akija na ndoo. Alipowaona tu, akaacha njia, akaingia kwenye pamba, akainama huko mpaka wapite.

"Shikamoo, mama," alisema Method.

Mama aliitikia huku ameitazama mipamba.

Nyumbani Method aliletewa kuku mzima, akala na Bujiku. Mama alikula nyumba nyingine, mlango umerudishwa. Kuku hakuwa na ladha mdomoni. Akapita muuza madumu, mtu wa kupita njia tu, na mama akatoka, akampa mkono, wakacheka. Muuzaji alipoondoka, mama akarudi ndani upesi, kitenge usoni.

Hapo Method aliumia, maumivu ya kwanza tangu hospitali. Hata muuza madumu! Lakini undugu haulazimishwi. Akanawa, akaliweka begi kizingitini.

"Bujiku, mwambie mama simlaumu. Mahari sikutoa, binti yake nikamrudisha maiti. Naondoka, na sitamsumbua tena."

"Mbona hivyo? Amekukosea nini?"

"Tangu asubuhi ananikimbia. Hataki hata kuniona uso."

Bujiku akauliza taratibu, kama mtu asiyeamini alichosikia:

"Kwani kwenu Masasi, mtu na mama mkwe wake wanatazamana?"