Uvumilivu wa Baba Zaituni

Siku hizi mtu akigusa mipangilio ya moyo wake, mwenziwe wa ndoa hupelekewa taarifa kwenye simu. Ndiyo sheria. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijatandika kitanda, yangu huingia: "Uvumilivu: kutoka sita hadi tisa. Aliyebadilisha: mumeo, Shomari, saa kumi na mbili na dakika kumi."

Saa hiyo ndiyo ninayoamka. Ikifika jioni unarudi sita wenyewe.

Miezi minane sasa. Dada yangu Sikudhani ananiambia, "Shukuru, wenzio waume zao hawajishughulishi hata kidogo." Lakini mimi nina nini, hata mtu ajiandae kukutana nami kama anakwenda kung'olewa jino?

Leo asubuhi taarifa haikuingia; nilipoitafuta, simu ilisema: "Hakuna mabadiliko."

Niliisoma mara nne. Amenizoea? Au amechoka? Mezani alikuwa anamenya kiazi kitamu, kama siku zote.

"Mama Zaituni, mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangaliaje?"

"Basi. Kula."

Sikuelewa kama hiyo "basi" ilikuwa ya kunizoea au ya kunichoka. Nikashusha simu chini ya meza na, kwa mara ya kwanza tangu anioe, nikapandisha uvumilivu wangu kutoka saba hadi tisa.

Upande wa pili wa meza, simu yake ikalia. Akaisoma. Akaweka kiazi chini taratibu.

"Kumbe na wewe?" akaniuliza.