Chumba cha Pamba

Milembe alikuwa anaziba ufa wa mwisho kwa udongo uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe, mumewe alipoingia na kopo la rangi.

Chumba kilikuwa cha pamba. Ndivyo alivyoambiwa: siku hizi wanunuzi binafsi wanafika mpaka hapa kijijini Nkololo, kwa hiyo mavuno yatakaa ndani hadi wapandishe bei. Na rangi ni ya kuzuia mchwa.

Mumewe akapapasa ukuta chini ya dirisha.

"Hapa lainisha zaidi," akasema. "Akilala upande huu, asije akachubuka mkono."

Kisha akauondoa mkono ukutani haraka. Tope lilikuwa linamtiririka Milembe hadi kwenye kiwiko.

"Pamba ina mikono, baba?"

Mwanamume akainamia kopo lake, akahangaika na kifuniko.

Milembe akalainisha pale alipoonyeshwa, tena vizuri kabisa, ukuta ukawa kama shavu la mtoto. Halafu akachota tope jingine, akalibandika kando ya mlango, usawa wa macho ya mke mpya atakayeingia, akadidimiza vidole vyake vitano mpaka vikagusa tofali.

"Likikauka," akasema, "paka rangi yako."